Homa ya Manjano: Jinsi Inavyochunguzwa na Jinsi Inavyozuiwa

(Hotuba ya halmashauri ya afya, iliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Sosiot)



Mkutano uliopita mlituagiza sisi wa halmashauri ya afya tuje mbele yenu na maelezo juu ya homa ya manjano, tena maelezo ya kueleweka na mtu yeyote, awe amesoma au hakusoma. Agizo hilo twalitimiza leo. Lakini kabla ya kueleza maradhi yenyewe, yatupasa kukiri jambo moja, kwa sababu ndilo lililozaa agizo hilo.

Mtakumbuka kwamba kijana mmoja wa nyumba ya mwanachama wetu alirudi kutoka nchi ya joto, bondeni, alikokuwa akichunga ng'ombe wa mjomba wake. Alirudi ana homa, kichwa kinamwanga, na mgongo unamuuma. Siku ya tano macho yake yaligeuka rangi ya manjano. Watu wa nyumbani wakasema, “Ni nyongo,” wakamchemshia mizizi. Sisi tuliletewa habari siku ya Jumatatu. Tukachanga fedha kidogo, tukampelekea baba yake pole, tukarudi makwetu. Hatukumpeleka kijana kwa daktari mpaka Ijumaa. Mahali pa kwanza tulipofika alipewa dawa ya malaria bila kutolewa damu, nasi tukaridhika, tukamrudisha nyumbani. Mahali pa pili daktari alituuliza maswali matatu: homa ilianza siku gani, kijana alikuwa wapi juma lililotangulia, na je, amepata kuchanjwa chanjo ya homa ya manjano? Tulikuwa watu wazima wanne chumbani mle, na hakuna hata mmoja aliyeweza kujibu.

Damu ilipopimwa, ilionekana kuwa ni maradhi mengine ya ini, wala si homa ya manjano. Kijana amepona, naye yupo hapa leo. Twamshukuru Mungu. Lakini wazee, tuliponea kwa bahati, na bahati si kazi ya halmashauri. Lau ingalikuwa homa ya manjano, zile siku nne tulizozipoteza zingaliweza kuleta msiba mkubwa. Kwa hiyo hotuba hii ni ya kufundishana, na pia ni ya kutubu.

Maradhi yenyewe

Homa ya manjano huletwa na kirusi, yaani kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Kirusi hicho huchukuliwa na mbu kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima, au kutoka kwa kima hadi kwa mtu. Mtu hawezi kuyapata kwa kushikana mikono na mgonjwa, wala kwa kula naye chungu kimoja, wala kwa kumhurumia na kukaa karibu naye. Pasipo mbu hayaendi popote.

Mtu akiisha kuumwa na mbu mwenye kirusi, hukaa siku 3 hadi 6 asijione mgonjwa. Kisha homa humshika ghafula, pamoja na maumivu ya kichwa, ya mgongo na ya viungo, na kichefuchefu. Wengi hupona baada ya siku tatu au nne. Wapo wengine ambao homa huwaacha kwa muda mfupi, hata watu wa nyumbani wakafurahi, kisha hurudi kwa nguvu. Hapo ndipo macho na ngozi hugeuka manjano, mkojo ukawa mweusi, na damu ikaanza kutoka puani, mdomoni au katika matapishi. Kati ya wale wanaofikia hali hiyo, karibu nusu hufa katika muda wa siku 7 hadi 10.

Hakuna dawa inayokiua kirusi hicho kikiisha kuingia mwilini. Kazi ya hospitali ni kumpa mgonjwa maji, kuangalia figo na ini lake, na kumtunza mpaka mwili wake ushinde wenyewe. Tena yafaa watu wajue kwamba mgonjwa wa namna hii asipewe aspirini wala dawa za jamii hiyo, maana huongeza kutoka kwa damu.

Ubaya wa maradhi haya ni kufanana na mengine. Malaria huleta homa na pengine macho ya manjano. Maradhi ya ini hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo hakuna mzee, wala mganga wa mizizi, wala hata daktari mwenye elimu kubwa, awezaye kumtazama mgonjwa machoni akasema kwa hakika, “Hii ni homa ya manjano,” au, “Hii siyo.” Damu peke yake ndiyo itoayo ushahidi.

Jinsi wataalamu walivyoijua njia yake

Katika karne iliyopita, watu wenye elimu walitoa maisha yao ili tujue haya tunayowaambia leo kwa dakika chache. Mwaka wa 1881 daktari Carlos Finlay wa Cuba alisema kwamba mbu ndiye mchukuzi wa maradhi haya, na wengi walimcheka. Mwaka wa 1900 Walter Reed na wenzake wa Marekani walithibitisha kwamba alisema kweli. Mwaka wa 1927 kirusi chenyewe kilipatikana katika Afrika ya Magharibi, na Adrian Stokes, mmoja wa watafiti wa kazi hiyo, alikufa kwa maradhi hayo hayo mwaka ule ule.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, kituo cha kuchunguza homa ya manjano kilifunguliwa Entebbe, Uganda, mwaka wa 1936. Miaka ya 1940 watafiti wa kituo hicho walikwenda Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori, wakajenga majukwaa juu ya miti mirefu ya msituni. Huko juu walikaa watu usiku na mchana wakihesabu mbu waliokuja kuuma, saa baada ya saa. Waliona kwamba mbu mmoja aitwaye Aedes africanus hukaa vileleni mwa miti, na huuma sana jua linapotua, wakati kima wanapopanda kulala. Hivyo kirusi huzunguka huko juu kati ya kima na mbu, wala mtu hajui. Kisha kima hushuka mchana kuiba ndizi shambani. Huko shambani wako mbu wengine, wa jamii ya Aedes simpsoni, wanaozaliana katika maji yanayotuama kati ya jani na shina la mgomba. Mbu hao humuuma kima mwenye kirusi, halafu humuuma mwenye shamba. Hiyo ndiyo njia ambayo maradhi hutoka msituni yakaingia nyumbani.

Iko njia nyingine pia. Mtu huingia msituni mwenyewe, kwa kuchunga, kurina asali, kukata kuni au kuchoma makaa, akaumwa na mbu wa msituni. Tena iko njia ya tatu, iliyo ya hatari kuliko zote: mtu mgonjwa akifika mjini, penye mbu wa majumbani aitwaye Aedes aegypti, azaliwaye katika mitungi, mapipa na mipira ya magari iliyotupwa, maradhi huenda mbio kutoka mtu hadi mtu bila kuhitaji kima hata mmoja.

Misiba ya jirani zetu

Msije mkadhani kwamba haya ni mambo ya nchi za mbali tu. Mwaka wa 1940 homa ya manjano ilizuka katika milima ya Nuba, Sudan, ikaua watu wapatao 1,500. Miaka ya 1960 hadi 1962 ilizuka katika bonde la mto Omo, Ethiopia, mto ule unaomwaga maji yake katika Ziwa Turkana letu. Inakadiriwa kwamba huko waliugua watu 100,000 na kufa 30,000. Ilichukua muda mrefu kabla maradhi hayo hayajatambuliwa, na katika muda huo watu walizikana tu.

Nasi Kenya tulikaa miaka mingi bila mlipuko wowote ulioandikwa. Kisha, katikati ya Septemba 1992, ukaanza mlipuko katika Bonde la Kerio, sehemu ya kusini, kati ya milima ya Tugen na ukingo wa Elgeyo. Uliendelea mpaka Machi 1993. Walioupata ni ndugu zetu, watu wa lugha zilizo karibu na yetu, na wengi wetu hapa tumeoa au tumeoza huko. Uchunguzi ulionyesha zaidi ya watu 50 waliopatwa, na wengine wao walifariki.

Twataka mwangalie kwa makini jinsi uchunguzi ulivyokwenda, maana hapo pana funzo kwa kila kijiji.

Kwanza, hapana budi mtu mmoja ashtuke. Watu kadhaa wakifa kwa homa yenye kutoka damu katika sehemu moja, yule atibuye huona kwamba si malaria ya kawaida, akapeleka habari juu. Asiposhtuka mtu, uchunguzi hauanzi.

Pili, damu hutolewa, huwekwa katika baridi, na kupelekwa maabara. Katika Kenya kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Utafiti wa Tiba, KEMRI, huko Nairobi. Maabara hutafuta kirusi chenyewe, au askari ambao mwili huwafanya ili kupigana nacho. Kwa kuwa kirusi hiki kina ndugu zake wanaofanana naye, jibu la kwanza huweza kudanganya. Ndiyo maana damu hupimwa tena, pengine katika maabara kubwa kama ile ya Entebbe au ya Dakar. Watu husema serikali inakawia, kumbe kukawia huko ni kwa sababu ya kutafuta hakika.

Tatu, wachunguzi huweka kipimo kimoja cha kumjua mgonjwa wa kushukiwa, ili kila mtu ahesabu kwa namna moja. Kipimo kinachotumika ni hiki: mtu yeyote aliyeshikwa na homa ghafula, kisha akapata manjano ya macho au ngozi kabla ya siku 14 kupita. Kwa kipimo hicho huenda nyumba kwa nyumba, wakitazama pia vitabu vya zahanati, wakiandika jina, umri, mahali mtu anapokaa, siku aliyoanza kuugua, kazi yake, na safari zake. Orodha hiyo ikiisha kupangwa, huonekana wazi maradhi yalianzia wapi na yanaelekea wapi. Ni kama mchungaji anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea.

Nne, wataalamu wa wadudu huenda kukamata mbu. Huko Kerio walikwenda miezi ya Februari na Machi 1993, wakawakamata mbu wanaokuja kuwaumia watu, wakaitafuta asili ya kirusi ndani yao. Walionekana kwamba wachukuzi walikuwa mbu wa msituni, Aedes africanus na mwenziwe Aedes keniensis, walio katika misitu ya kando ya mito na mabonde. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa. Maradhi yalikuwa ya msituni, hayajaingia katika mzunguko wa mjini. Kazi ikawa ni kuwahi kuwachanja watu kabla mgonjwa mmoja hajafika mjini.

Chanjo

Tano, basi, ni chanjo, ambayo ndiyo ngao yenyewe. Dawa ya kuchanja homa ya manjano ilitengenezwa na Max Theiler, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, mwaka wa 1937, na mwaka wa 1951 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Sindano moja yatosha maisha yote ya mtu. Baada ya siku 10 watu wengi huwa wamekwisha kupata kinga, na baada ya siku 30 karibu wote.

Tafadhali shikeni zile siku 10. Mtu akichanjwa asubuhi akaingia msituni jioni, hajakingwa bado. Tena chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Ndiyo sababu kuchelewa kwa habari kwa juma moja si jambo dogo.

Kwa haki yatupasa kusema pia nani hafai kuchanjwa bila ushauri wa daktari. Watoto walio chini ya miezi 9 kwa kawaida hawachanjwi. Watu ambao mayai huwadhuru sana, watu ambao nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi imepungua, na mama wajawazito, hao waseme hali yao kabla ya sindano. Wazee wa miaka 60 na zaidi nao waulize, kwa kuwa madhara ya chanjo, ijapokuwa ni ya nadra sana, huwapata wao zaidi kuliko vijana.

Ndugu zetu wa Kerio walichanjwa kwa wingi mwaka wa 1993. Baadaye, miaka ya 2000 ilipoanza, chanjo hii iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto wa sehemu zile, ambazo leo ni kaunti za Baringo na Elgeyo Marakwet.

Kutoka Kerio mpaka Isiolo

Mwaka wa 2016 maradhi yalizuka Angola, katika mji mkuu wa Luanda, yakaingia Kongo. Mwaka ule ule Wakenya wawili waliokuwa wakirudi kutoka Angola walionekana kuwa nayo. Walikuja kwa ndege, si kwa miguu. Msitu wa mbali uliletwa karibu kwa saa chache tu.

Kisha mwanzoni mwa Machi 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko katika kaunti ya Isiolo. Tangu Januari walikuwa wameshukiwa watu 15, na wanne kati yao walikuwa wamekufa. Sampuli 6 za kwanza zilipopimwa na KEMRI, 3 zilionekana kuwa na maradhi. Isiolo ni nchi kavu ya wafugaji, si msitu mnene kama Bwamba. Basi asiwepo mtu wa kusema, “Kwetu hakuna msitu wa namna hiyo, kwa hiyo hayatatufikia.”

Je, Sosiot ina hatari gani?

Mzee mmoja alituuliza swali jema. Alisema: “Kerio ni nchi ya joto. Huku kwetu ni baridi, ni nchi ya majani chai. Mbona mwatutia hofu?”

Jibu letu ni hili. Mzee amesema kweli kwa sehemu kubwa. Baridi hukichelewesha kirusi ndani ya mbu, na mahali palipo juu sana, zaidi ya mita 2,300, maradhi haya hayatazamiwi kuenea. Nchi yetu ya Kericho iko juu, na hatari yake ni ndogo kuliko ya bondeni. Hatukuja kuwatia hofu, wala hatusemi kwamba maradhi yapo hapa leo. Hayapo.

Lakini fikirini mambo matatu. La kwanza, watu wetu hawakai mahali pamoja. Vijana hushuka bondeni kuchunga, madereva huenda mbali, na wafanyakazi wa mashamba ya chai hutoka pande nyingi za nchi. La pili, tunapakana na msitu wa Mau, wenye mbega na kima, na katika sehemu zetu za chini migomba hustawi vizuri. La tatu, wengi wetu hatujachanjwa chanjo hii, kwa kuwa chanjo ya kawaida ya watoto ilianzishwa Kerio, si huku. Shamba lisilo na ua halijaliwa na ng'ombe bado, lakini ua ni heri uwepo.

Tena tunao mfano wetu wenyewe. Wazee walikuwa wakisema kwamba malaria ni maradhi ya ziwani, si ya Kericho. Lakini malaria imepanda milima yetu mara nyingi, hasa baada ya mvua ndefu. Hospitali za mashamba ya chai zimeandika hesabu za wagonjwa tangu miaka ya 1960, na wataalamu wa dunia nzima wamejifunza mengi juu ya malaria ya milimani kwa kuzisoma hesabu za Kericho. Sifa hiyo imetokana na kazi ndogo ya karani, ya kuandika kila mgonjwa na siku yake. Nasi tungalikuwa na karani wa namna hiyo katika kila kijiji, yale maswali matatu ya daktari yangalijibiwa.

Mambo tunayoyaleta mbele ya mkutano

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo manne.

La kwanza ni daftari. Kila kijiji kiwe na mtu mmoja mwaminifu, akisaidiana na mhudumu wa afya ya jamii, atakayeandika kila mgonjwa mwenye homa na macho ya manjano: jina lake, siku homa ilipoanza, mahali alikokuwa siku 6 zilizotangulia, na kama amechanjwa. Daftari hilo liwe la siri, la kuonyeshwa watu wa afya tu.

La pili ni kupasha habari siku ile ile. Asingojee mkutano, wala Jumapili, wala mzee arudi safari. Habari ziende zahanati na kwa chifu, na tukiona watu wawili wa nyumba moja au wa kazi moja, tupige simu kwa afisa wa afya wa kaunti kabla ya usiku kuingia. Vilevile tukiona kima wanaokufa wengi msituni bila kupigwa, tuseme. Mzoga wa kima usiguswe.

La tatu ni mambo ya nyumbani. Mgonjwa yeyote wa homa alale ndani ya chandarua, hata mchana, kwa kuwa mbu wa homa ya manjano huuma mchana na jioni, na siku za kwanza za homa ndizo ambazo mbu hupata kirusi kwake. Mapipa ya maji yafunikwe, makopo na mipira ya magari iliyo uani itupwe au izikwe. Anayekwenda kukaa sehemu za Kerio, au kusafiri nchi zenye maradhi, achanjwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka, na ile kadi yake ya manjano aitunze kama hati ya shamba.

La nne ni fedha, na hapa twaomba mtusikilize kwa subira, maana twajua kwamba limeleta maneno.

Chama chetu kina sanduku la mazishi. Ni jambo la sifa. Hakuna mwanachama aliyekufa akakosa jeneza, wala chakula cha waombolezaji. Fedha hutolewa siku ile ile, bila kuulizwa. Lakini hatuna sanduku la nauli ya mgonjwa. Yule kijana tuliyemtaja alikaa siku nne kwa sababu ya ujinga wetu, na pia kwa sababu baba yake aliona haya kusema kwamba hana fedha za gari. Angalikufa, tungaliyatoa mengi kwa siku moja. Kwa kuwa alikuwa hai, tulimchangia senti za pole.

Twaomba, basi, sehemu moja ya kumi ya fedha za mazishi itengwe kuwa nauli ya wagonjwa wa dharura. Wapo wazee waliosema kwamba fedha za wafu hazichezewi. Twawaheshimu, nao walilianzisha sanduku hili kwa jasho lao. Lakini twauliza kwa unyenyekevu: je, marehemu wetu, wangalisimama hapa leo, wangalituzuia kumpeleka mjukuu wao hospitali? Sisi twaamini wangalitusukuma mlangoni.

Neno la mwisho ni juu ya kuficha. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Zipo nyumba zinazoogopa kwamba wakisema wana mgonjwa wa macho ya manjano, watu watawakimbia, au watoto watazuiwa kwenda shule, au wakubwa wa kazi watawafukuza. Ni wajibu wa chama hiki kuhakikisha kwamba nyumba itakayosema kweli haitaachwa peke yake. Mmekwisha kusikia kwamba maradhi haya hayaambukizi kwa kushikana mikono. Basi atakayemkimbia mgonjwa huyo hana udhuru.

Halmashauri yenu ilikosa mwaka huu, nayo imekiri. Mwakani tutasimama tena hapa, na tutawasomea daftari: ni wangapi waliougua, siku ngapi zilipita kabla hawajafika kwa daktari, na ni nani aliyewasindikiza. Kama hesabu ya siku hizo haitapungua, tuondoeni, mkachague wengine.